Sahani Nne za Harusi ya Gando



Juma hili nataka tuzungumze habari za kitu kidogo kilichomo katika nyumba nyingi za vijijini, nacho ni ile sahani nyembamba ing'aayo tunayoiita dividii. Labda utasema: "Ah, mambo hayo yamepitwa na wakati. Siku hizi kila mtu ana simu, na picha hukaa katika flashi." Ni kweli, wengi wamehamia huko. Lakini fungua kabati la mama yako utazame. Harusi ya kaka, ubatizo wa mtoto wa kwanza, mazishi ya babu, yote yamo katika sahani. Na ile deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, katika nyumba nyingi bado ndiyo mashini pekee ambayo bibi anajua kuiwasha mwenyewe. Basi usidharau. Sikiliza kwanza niliyoyaona Gando.

Gando iko upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa cha Pemba, katika wilaya ya Wete. Ni mahali pa wavuvi, na mikarafuu haiko mbali. Zamani umeme wa Pemba ulitoka katika mashini za dizeli, tena kwa shida. Mwaka 2010 ukafika umeme wa bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na nyumba iliyounganishwa ikaweza kuwasha televisheni pasipo mlio wa jenereta uani.

Nilikwenda huko kumtembelea rafiki yangu wa siku nyingi. Nilimkuta baba yake, mzee mvuvi, amekaa barazani akishona nyavu. Tulisalimiana, tukaulizana habari, nikampa pole ya msiba, maana mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kisha akaingia ndani, akatoka na sahani ya dividii iliyokwaruzika na kupauka, bado ina kipande cha mshipi kimefungwa katika tundu la katikati.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mtu wa magazeti, labda unajua. Humu alikuwamo mama yenu. Sasa yumo au hayumo?"

Nikamwomba anieleze tangu mwanzo, naye akanieleza.

Alipomwoza binti yake wa mwisho, walimwita binti mmoja wa Wete mwenye kamera apige picha za harusi, maana upande wa wanawake hauingii mwanamume. Kazi ilipokwisha wakachomewa sahani nne. Moja ya nyumbani, moja ya ndugu yake mzee aliyeko Tanga, moja ya mtoto anayefanya kazi Muscat, na moja ya binti mkubwa aliyeolewa Toronto, nchi ya Kanada. Katika picha hizo yule mama anaonekana mlangoni akimuusia mwanawe anayeondoka, mara anacheka, mara anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Sauti yake haikurekodiwa mahali pengine popote.

Sasa sikiliza ajabu. Sahani ya Gando ilikataa kabisa, deki ikaandika kwamba haioni kitu. Waliporudi nayo Wete, kompyuta ya yule binti ikaicheza vizuri. Sahani ya Muscat ilicheza zaidi ya saa moja, kisha picha ikakatika vipande vipande na kusimama. Sahani ya Toronto ilitoa picha isiyo na rangi, inapanda na kushuka kama mashua katika mawimbi. Ile ya Tanga ilicheza tangu mwanzo hata mwisho bila kikwazo.

"Sahani hizi ni za mama mmoja," akasema mzee, "mbona hazifanani?"

Watu wa nyumbani waliamua kwamba sahani yao ni mbovu. Mjukuu akaitia mshipi, akaitundika katika shamba la mpunga kufukuza ndege. Hakuna aliyemkataza, maana mama alikuwa mzima. Mama alipofariki ndipo walipokumbuka. Wakaitoa shambani wakaipeleka mbio Wete, lakini safari hii hata kompyuta haikusoma neno. Na yule binti, ili apate nafasi katika kompyuta yake, alikwisha kufuta picha za asili.

Msomaji, kabla hatujalaumu mtu, tuelewe kwanza kazi yenyewe. Ukielewa, yaliyompata mzee yule hayatakupata wewe.

Sahani zinazouzwa dukani na filamu yake tayari hazichomwi. Kiwandani hugandamizwa kwa kalibu, zikapata vishimo vidogo sana. Sahani tupu tunazonunua sisi zina rangi ndani yake, ndiyo sababu upande wa chini wa dividii nyingi huonekana wa zambarau. Mwali mwembamba wa nuru uitwao leza huipasha moto rangi ile na kuiachia alama. Kwa hiyo neno "kuchoma" ni neno la kweli kabisa. Deki nayo ina leza yake, dhaifu zaidi, ambayo husoma alama hizo kwa jinsi nuru inavyorudi. Mistari ya alama imebanana mno, hata unywele mmoja wa mtu ungefunika zaidi ya hamsini. Mstari huo ukinyoshwa wote hupita kilomita 11.

Basi jua kali likiipata rangi hiyo siku nyingi, huifanya kama linavyofanya kanga iliyoachwa kambani kutwa. Alama hupotea. Ndiyo maana sahani ya shambani ilikufa. Haikuwa mbovu ilipotundikwa. Iliuawa na jua.

Lakini kwa nini deki ya Gando iliikataa tangu mwanzo? Hapa nitakukumbusha habari ya zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri. Sahani zile zilisikika pwani nzima, na mtu hakuuliza kwanza gramafoni ni ya kiwanda gani. Sababu ni kwamba viwanda vilikubaliana kipimo kimoja, sahani izunguke kadiri ya mara 78 kwa dakika. Dividii vilevile ina mapatano yake, tangu ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996. Anayefuata mapatano, sahani yake itasomeka katika deki nyingi. Anayeyaacha hana budi kutegemea bahati.

Haya, tuyatazame makosa moja moja.

Kosa la kwanza ni la lugha. Dividii ya picha kwa kawaida picha zake hufungwa kwa namna iitwayo MPEG-2, na lazima ziwekwe ndani ya folda yenye jina VIDEO_TS. Mtu akichukua faili la kamera au la simu akalinakili tu juu ya sahani, ametengeneza ghala la mafaili. Kompyuta itafungua, maana inajua lugha nyingi. Deki nyingine za miaka ya karibuni nazo hufungua. Deki ya zamani haiwezi. Ni kama kumpa jirani yako kitabu cha Kichina. Kitabu si kibaya, na jirani si mjinga. Hili ndilo lililoipata sahani ya Gando. Basi ukienda kwa fundi mwambie wazi: "Nataka dividii ya picha, ya kuchezwa na deki, sitaki ya data." Na kama deki yako ni ya kale, inasoma sidii tu, mwambie akufanyie Video CD. Hiyo hutumia namna ya MPEG-1, na sidii moja hubeba kadiri ya dakika 74 mpaka 80.

Kosa la pili ni kutofunga sahani. Kazi ikiisha, programu huuliza kama sahani ifungwe, yaani isiongezwe kitu tena. Wengine hukataa wakifikiri watabakiza nafasi ya picha nyingine. Sahani isiyofungwa yaweza kusomwa na kompyuta iliyoichoma, lakini deki nyingi huitema. Daima fungeni.

Kosa la tatu ni haraka, na wazee walikwisha kusema kwamba haraka haraka haina baraka. Sahani ikiandikwa 16x maana yake yaweza kuchomwa kwa mwendo huo, lakini hailazimu. Mwendo wa 4x au 8x kwa kawaida huacha alama safi zaidi, na dakika chache za kungoja hazimuui mtu. Tena angalia jambo hili: santuri ya zamani ilianza ukingoni ikamalizia katikati, lakini dividii huanza katikati ikamalizia ukingoni. Huko ukingoni ndiko sahani huyumba zaidi, ndiko vidole hugusa, ndiko kuchoma kwa haraka huharibu kwanza. Kwa hiyo ukiona sahani inacheza vizuri mwanzo na kukwama mwishoni, fikiri habari za ukingo. Sahani ya Muscat ndivyo ilivyokuwa. Ilichomwa usiku, mbio mbio, kwa sababu msafiri alikuwa anaondoka asubuhi. Tena ilibandikwa karatasi yenye picha ya maua na majina ya maharusi. Karatasi hiyo ni adui. Huifanya sahani isizunguke sawasawa, na kwa joto gundi hukunjamana. Andika jina kwa kalamu ya wino laini yenye ncha ya kitambaa, upande wa juu tu, basi.

Kosa la nne ni kuchagua sahani bila kutazama. Dukani utaona DVD-R, DVD+R, na nyingine zenye herufi RW. Hizi za RW hufutika na kuandikwa upya, lakini hurudisha nuru kidogo kuliko nyingine, na deki nyingi za zamani haziioni vema. Tumia RW kwa kujaribia tu. Kwa kumbukumbu nunua DVD-R, maana ndiyo ambayo deki za kale huikubali zaidi. DVD+R nayo hufaa katika deki nyingi za baadaye. Usivutwe na bei ya chini mno ya sahani zisizo na jina.

Kosa la tano ni la kiasi. Dividii ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7, na kompyuta nyingi huonyesha 4.37, usidhani umeibiwa. Picha za saa moja hukaa humo kwa raha. Saa mbili ni kadiri nzuri. Ukishindilia saa nne, nyuso za watu zitakuwa kama zimo ndani ya ukungu. Harusi ikiwa ndefu, fanya sahani mbili. Wengine hukosea kwa upande wa pili, hufunga picha kwa kipimo cha juu mno, deki dhaifu ikashindwa kwenda nayo. Mapatano yanaruhusu picha mpaka megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini fundi mwenye busara hapiti 8, na 5 au 6 hutosha.

Kosa la sita ni la nchi. Televisheni za kwetu Tanzania na za Oman zilifuata utaratibu wa PAL, ambao huonyesha picha 25 kwa sekunde. Kanada, Marekani na Japani zilifuata NTSC, wenye picha karibu 30. Deki nyingi za huku husoma zote mbili, lakini deki na televisheni nyingi za kule hazipokei PAL vema. Ndiyo maana harusi ya Gando ilifika Toronto bila rangi na ikipanda na kushuka. Sahani ile haikuwa na kosa lolote ndani yake, ilikosa mkalimani tu. Ukipeleka sahani Kanada, mwombe fundi aifanye kwa NTSC, au mwambie ndugu yako aitazame katika kompyuta. Kuna na kufuli za nchi ambazo wenye filamu huzitia katika sahani za biashara, lakini sahani ya nyumbani haihitaji kufuli. Fundi aiache wazi kwa nchi zote.

Tena kuna jambo la umeme. Ukikatika wakati leza inachoma, sahani imekwisha, tupa. Kwa hiyo chomea katika kompyuta yenye betri iliyojaa, na usifungue kazi nyingine mpaka imalize.

Na jambo la mwisho ni kujaribu. Fundi asikuonyeshe sahani katika kompyuta yake mwenyewe akasema, "Unaona, inacheza." Hiyo ni kama mpishi kujisifia mchuzi wake. Mwambie programu ihakikishe sahani baada ya kuchoma. Kisha uijaribu katika deki mbili tatu, na moja iwe ya zamani kabisa. Tazama mwanzo, ruka katikati, na lazima uone dakika tano za mwisho. Ikipita hapo, mlipe fundi wako kwa furaha.

Sasa turudi Gando. Mzee aliposikia hayo yote alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yangu haikuwa mbovu?"

Nikamwambia, "La, baba. Haikuwa mbovu."

Akaitazama, akaifungua ule mshipi, akaufunga katika nyavu zake. Nadhani ningependa alie kuliko vile alivyotulia.

Tumaini letu likawa Tanga, maana Toronto na Muscat ni mbali. Ndugu yake aliambiwa kwa simu asiicheze tena sahani ile hata mara moja, aifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuizungushia kitambaa, aitie katika kasha lake na kumpa mtu anayevuka. Ilifika baada ya siku tisa. Binti wa Wete alikuja mwenyewe Gando na kompyuta yake, na mbele yetu akainakili yote. Hakukatika hata kidogo. Alikuwa na aibu, akataka kurudisha fedha za harusi, mzee akakataa. "Hukufundishwa, mwanangu," akamwambia. "Sasa umefundishwa. Mwenzio akija kwako, mfundishe." Na kweli, yule binti alijifunza kazi kwa kuwatazama wengine, kama wengi wetu tulivyojifunza kazi zetu.

Safari hii akachoma polepole, mwendo wa 4x, katika DVD-R. Akafunga sahani. Hakubandika maua. Ya Toronto akaifanya kwa NTSC. Akaweka nakala katika flashi mbili, moja ya rafiki yangu na moja ya maharusi, na nyingine akaibakiza katika kompyuta. Tukaazima deki kwa majirani, zikawa tatu, moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli maana kifuniko chake kimevunjika. Sahani ikasomeka katika zote.

Msomaji, fanya hivyo nyumbani kwako juma hili. Toa sahani zako kabatini, uzijaribu moja moja. Ambayo deki inaikataa usiitupe, usiitundike shambani. Ipeleke kwanza penye kompyuta. Ambayo bado inasomeka, inakili sasa, maana sahani za kuchoma haziishi milele hata zikitunzwa. Ziweke zimesimama, ndani ya makasha, mbali na jua na unyevu. Ishike kwa ukingo na tundu, usiguse uso wake. Na kumbukumbu ya mtu mpenzi isikae mahali pamoja. Nakala moja iwe kwako, moja kwa ndugu, moja katika flashi. Akiba haiozi.

Jioni ile, baada ya sala yao ya magharibi, walikusanyika chumbani, mzee, binti yake aliyeolewa, na wajukuu. Rafiki yangu alinikaribisha ndani. Nikaona si mahali pangu, nikabaki barazani. Deki ilivuma kidogo, wanawake wakaimba, watu wakapiga vigelegele. Kisha nikasikia sauti ya mama mtu mzima, yenye kicheko ndani yake, ikisema na binti yake kwa Kipemba chepesi. Chumbani kukawa kimya.

Ilipokwisha, nikamsikia mzee anamwambia mjukuu, "Rudisha nyuma kidogo."

Haya, msomaji, kwa heri mpaka juma lijalo.